Kabla Hujakaza Skrubu: Kuilinda Prosesa Unapofunga Hitisinki

Prosesa ya kisasa inajua kujikinga na joto. Joto likipanda kupita kiwango, inapunguza mwendo yenyewe. Likizidi, inaizima kompyuta kabla silikoni haijadhurika. Kinga hiyo imewekwa kiwandani na haimsubiri fundi. Kisicho na kinga ni nguvu ya mkono. Hakuna kitu ndani ya prosesa kinachoweza kuizuia hitisinki iliyobonyezwa upande mmoja kabla ya mwingine, au bisibisi iliyoteleza, au mtu aliyevuta hitisinki iliyogandana na prosesa akang'oa vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana prosesa inaweza kukaa miaka kumi ndani ya kasha lenye vumbi, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, ikafanya kazi kila siku, halafu ikafa siku ya kubadilishiwa pesti ya kati yake na hitisinki.

Nawaandikia wanaoifanya kazi hii wenyewe: aliyenunua kompyuta ya mezani iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue na anataka kuisafisha, kijana anayejenga mashine yake ya kwanza kwa vipande alivyovikusanya kimoja kimoja, fundi anayeanza kazi huku mteja amesimama mbele yake anamharakisha. Ninalotaka mlishike ni hili: prosesa huumizwa zaidi na hitisinki iliyoinama kuliko hitisinki nzito. Mgandamizo ulionyooka, unaoshuka sawa pande zote, prosesa inauvumilia hata ukiwa mkubwa. Soketi ya Intel ya LGA 1151, kwa mfano, imewekewa kikomo cha pauni 50 za mgandamizo, yaani zaidi kidogo ya kilo 22. Lakini nguvu ndogo zaidi ya hiyo ikitua yote kwenye kona moja inaweza kumegua silikoni, kupinda ubao wa prosesa au kulaza pini.

Waliokuwa kwenye kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijifunza hayo kwa hasara. AMD ilipotoa Athlon ya kizazi cha Thunderbird mwaka 2000, kwenye soketi ya pini 462, silikoni ilikaa wazi juu ya prosesa bila kifuniko chochote. Eneo lake lilikuwa milimita za mraba 120 tu, na ile ya gigahezi 1.4 ilitoa hadi wati 72 za joto kutoka kwenye eneo hilo dogo. Hitisinki ilibanwa kwa klipu ya chuma iliyonasa kwenye vijino vya soketi, na ili klipu inase ilibidi uisukume chini kwa bisibisi, kwa nguvu hasa. Kilichozuia hitisinki isiinamie kwenye pembe ya silikoni kilikuwa vipande vinne vya sponji tu. Ikiinama, pembe inameguka na prosesa imekwisha. Bisibisi ikiteleza, inakwangua bodi na kukata njia za shaba. Na joto nalo halikuwa na huruma wakati huo: mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya kinachotokea hitisinki ikiondolewa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo. Athlon ilitoa moshi.

Kifuniko cha chuma juu ya silikoni, ambacho Pentium 4 ilikuwa nacho tangu mwaka 2000 na Athlon 64 ikaja nacho mwaka 2003, kiliwapa watu nafasi ya kupumua. Wengi wanaamini kiliimaliza kabisa hatari. Si kweli. Laptopu hadi leo zina silikoni iliyo wazi, vivyo hivyo kadi nyingi za picha, na anayefungua laptopu kubadilisha pesti anashika kitu dhaifu kilekile cha mwaka 2000. Kwenye kompyuta za mezani, hatari imehamia chini ya prosesa, kwenye pini na kwenye ubao wenyewe.

Nitaanza na kufungua, kwa kuwa wengi wanaharibu hapo kabla hawajafika kwenye kufunga.

Pesti iliyokaa miaka mingi hukauka na kushikamanisha vyuma viwili. Kwenye soketi za Intel tangu LGA 775 ya mwaka 2004, prosesa inabanwa kwa juu na fremu ya chuma, kwa hiyo ukivuta hitisinki, prosesa inabaki mahali pake. Kwenye soketi za AMD za pini, ikiwemo AM4 iliyoenea sana, hakuna fremu. Prosesa inashikiliwa na msuguano wa pini zake 1331 tu, na mkono mdogo wa chuma unaoilegeza umejificha chini ya hitisinki usikoweza kuufikia. Ukivuta moja kwa moja juu, prosesa inang'oka soketi ikiwa bado imefungwa. Ikitoka imenyooka, umenusurika. Ikitoka imeinama, pini za upande mmoja zimelala.

Dawa yake ni joto kwanza, kisha kuzungusha. Washa kompyuta na uipe kazi nzito kwa dakika kumi na tano hivi ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Legeza skrubu zote kidogo kidogo kwa mshazari, usimalize moja ndipo uende kwa nyingine. Halafu shika hitisinki kwa mikono miwili, izungushe kushoto na kulia kidogo sana, kwa upole, hadi uhisi imeachia. Hapo ndipo uinue. Kama bodi imekufa na haiwaki, kikausha nywele kikielekezwa kwenye hitisinki kwa dakika chache kinatosha kuipasha. Kikikosekana, pitisha uzi wa kusafishia meno, au mshipi mwembamba wa kuvulia, kati ya prosesa na hitisinki, uuvute huku na huku hadi utoke upande wa pili. Na endapo prosesa imetoka pamoja na hitisinki, usiichokonoe kwa bisibisi. Geuza hitisinki pini zitazame juu, ipashe joto, usukume prosesa kwa ubavu ukishika kingo zake tu.

Pini moja au mbili zilizolala kwenye prosesa ya AMD zinarekebishika. Chukua penseli ya kubofya, toa risasi yake, pini itaingia kwenye ncha yake, nawe utaisimamisha pole pole chini ya mwanga mzuri. Ukimaliza, prosesa itaingia kwenye soketi kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, kuna pini haijanyooka. Pini za soketi za Intel, na za AM5 ya AMD iliyokuja mwaka 2022 ikiwa na sehemu 1718 za kugusana, ni jambo zito zaidi. Hizo ziko kwenye bodi, ni nyembamba mno, zimepindwa makusudi kiwandani, na kidole kikizigusa mara moja kinatosha kuziharibu. Kwa sababu hiyo usikitupe kifuniko cha plastiki kinachokuja na bodi mpya. Ukiweka prosesa na kufunga fremu, chenyewe kitaruka. Kihifadhi kwenye boksi, na siku yoyote soketi itakapokuwa tupu, hata kwa nusu saa, kirudishe.

Usafi unaonekana jambo dogo, lakini chembe moja ya mchanga iliyobaki kati ya silikoni ya laptopu na hitisinki inageuka kuwa sehemu ya kuegemea, na nguvu yote ya skrubu inatua hapo. Futa pesti ya zamani yote, juu ya prosesa na chini ya hitisinki. Spiriti inayofaa ni ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, na siku hizi maduka mengi ya vipuri vya simu huwa nayo. Soma chupa kabla ya kununua spiriti ya duka la dawa, maana nyingine huchanganywa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi ya mgonjwa, na mafuta hayo yanabaki juu ya chuma. Petroli na tina usivisogeze karibu. Kitambaa kiwe kisichoacha nyuzi: cha kufutia miwani kinafaa, na fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa vizuri nayo si mbaya. Karatasi ya chooni inaacha nyuzinyuzi. Futa kutoka pembeni kwenda katikati, usije ukasukumia uchafu kwenye soketi.

Wa pwani wana shida ya jasho. Mwezi wa Februari, feni imezimwa ili isipeperushe vumbi, tone moja la jasho likidondoka kwenye soketi limepeleka chumvi kwenye pini. Funga kitambaa kichwani, na kausha mikono kila mara. Wa Nairobi, Dodoma au Iringa wakati wa ukavu wana shida tofauti, umeme tuli unaojijenga mwilini. Gusa chuma cha kasha kisicho na rangi kabla ya kushika prosesa, na usifanyie kazi juu ya zulia au ukiwa umevaa sweta la sufu.

Kuna swali ambalo wanunuzi wa vipuri vilivyotumika hawaulizi vya kutosha: hitisinki hii ni ya soketi hii? Matundu manne ya kufungia hitisinki kwenye bodi ya LGA 775 yamepishana milimita 72. Kwenye LGA 1155, 1150, 1151 na 1200 ni milimita 75. Kwenye LGA 1700 ni 78. Tofauti ni milimita tatu tu, na kwa macho hitisinki zake zinafanana. Muuzaji anakuambia inaingia, na kweli, ukilazimisha, miguu ya plastiki inajipinda na kuingia. Kilichojipinda kinavuta pembeni, na hitisinki inakaa ikiwa imeinama tangu siku ya kwanza. Kwa LGA 1700 kuna jambo la ziada: prosesa yake inakaa chini zaidi kuliko zilizotangulia, kwa hiyo hata ukipata namna ya kufikia matundu, hitisinki ya zamani inaweza isiikandamize vya kutosha. Nenda dukani na rula. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la pili. AMD nao walibadilisha: AM3 ina mstatili wa milimita 96 kwa 48, AM4 ina 90 kwa 54.

Kompyuta za ofisini zinazoletwa zikiwa zimetumika zina mtego wake. Kwenye baadhi yake skrubu za hitisinki hazishiki bamba la nyuma ya bodi. Zinapita kwenye bodi na kuingia kwenye bati la kasha. Ukitoa bodi nje na kujaribu kufunga hitisinki mezani, hakuna cha kuikaza. Angalia nyuma kabla ya kung'oa chochote, na kama ndivyo ilivyo, rudisha bodi kwenye kasha kwanza.

Pesti nitaipitia haraka, kwa kuwa watu wameibishania kuliko inavyostahili. Kazi yake ni kujaza mianya isiyoonekana kati ya vyuma viwili, kwa sababu hewa hupitisha joto vibaya sana. Kwa prosesa yenye kifuniko, tone dogo la ukubwa wa choroko katikati linatosha, mgandamizo utalisambaza. Kwa silikoni iliyo wazi ya laptopu, paka safu nyembamba juu ya eneo lote, maana hakuna kifuniko cha kusaidia kusambaza joto. Prosesa za AM5 zina kifuniko chenye mikato pembeni, na pesti ikizidi inaingia humo. Pesti ya kawaida isiyopitisha umeme haitaleta madhara, ila kuisafisha ni taabu. Dawa ya meno, ambayo bado kuna wanaoishauri, ina maji yanayokauka upesi, usiitumie. Metali ya majimaji yenye galiamu inapoza vizuri sana, lakini inakula alumini na inapitisha umeme. Tone lake moja likianguka kwenye bodi linaweza kuiua. Anayeisoma makala hii kujifunza kufunga hitisinki hana haja nayo.

Na ung'oe nailoni. Hitisinki mpya huja na karatasi laini ya plastiki iliyobandikwa chini yake, inayoonekana kama sehemu ya chuma. Wengi wanaifunga nayo.

Sasa tufike kwenye kushusha, ambako ndiko penye kiini cha makala hii. Kabla ya kuweka pesti, fanya jaribio kavu: shusha hitisinki mahali pake mara moja, uone skrubu zinaelekea wapi, waya wa feni unapita wapi, ramu ndefu zinagusa wapi. Utagundua kizuizi wakati hujachafua kitu. Unaposhusha mara ya mwisho, laza kasha ubavu ili bodi iwe chini na hitisinki ishuke kutoka juu. Anayefunga hitisinki kasha likiwa limesimama anapigana na uzito wake kwa mkono mmoja na kukaza kwa mkono wa pili, na ule uzito unavuta kuelekea ukingo mmoja wa prosesa muda wote. Shika hitisinki kwa mikono miwili, iteremshe ikiwa sambamba na prosesa, iguse pande zote kwa wakati mmoja. Ikishagusa, usiichezeshe wala kuiinua kidogo ili kuangalia. Kila ukiinua unaingiza hewa kwenye pesti, na kila ukiiweka tena unaupa ukingo mmoja nafasi ya kutangulia. Ukilazimika kuinua, toa kabisa, safisha, anza upya.

Ikiwa imekaa, endelea kuishikilia katikati kwa kiganja huku mkono mwingine ukianza skrubu ya kwanza. Ipe mizunguko miwili tu, ishike uzi, basi. Nenda kwenye skrubu iliyo mshazari nayo, mizunguko miwili. Kisha mbili zilizobaki. Ndivyo fundi wa magari anavyokaza nati za tairi, kwa kuvuka, na sababu ni hiyohiyo: ukimaliza upande mmoja kwanza, upande wa pili umenyanyuka. Rudia mzunguko, nusu kwa nusu, hadi skrubu zifike mwisho. Hitisinki nyingi nzuri zina skrubu zenye springi na kituo cha chuma. Ukifika kwenye kituo, bisibisi inagoma ghafla, na hapo umemaliza. Springi ndiyo inayopima mgandamizo, na kuendelea kukaza hakuongezi chochote ila hatari ya kuvua uzi wa skrubu au kupinda bamba. Kama skrubu hazina kituo, kaza kwa vidole viwili vilivyoshika shina la bisibisi, na vidole vikianza kuteleza, acha. Bisibisi ya umeme iache kwa fundi seremala. Kwenye laptopu, tazama namba zilizochongwa pembeni ya skrubu, 1 hadi 4 au zaidi: mtengenezaji amekupangia mpangilio wa kukaza kwa silikoni ile, ufuate wakati wa kufunga, na uugeuze wakati wa kufungua.

Hitisinki ya Intel inayokuja kwenye boksi inastahili neno lake, maana imesumbua mafundi wengi tangu 2004. Ina miguu minne ya plastiki yenye vichwa vya kubonyeza. Mshale ulio juu ya kichwa unaonyesha upande wa kufungulia, si wa kufungia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, zungusha vichwa vyote kinyume cha mshale hadi mwisho. Bonyeza viwili vilivyo mshazari kwa wakati mmoja, usikie mlio, kisha viwili vingine. Usibonyeze kimoja kimoja. Na bodi iwe na kitu cha kuiegemeza kwa chini, kwa sababu miguu hii hudai nguvu ya kutosha kuipinda bodi mbele ya macho yako, na bodi inayopinda inaweza kupasua njia za shaba na maungio ya risasi. Ukimaliza, geuza bodi utazame nyuma: kila mguu uwe umepenya kikamilifu, pini nyeusi ikiwa imeutanua katikati. Mguu mmoja ambao haujapenya unaifanya hitisinki ikalie pembe tatu, na kwa juu hutaona kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2015 ulimwengu wa kompyuta ulipata ukumbusho kwamba ubao wa prosesa nao unapinda. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, Skylake, zilikuwa na ubao mwembamba kuliko zilizotangulia, na taarifa zikaanza kutoka Ujerumani za prosesa na pini kuharibika chini ya hitisinki kubwa, hasa kompyuta ikitikiswa au kuangushwa. Kampuni ya Scythe ya Japani ilikiri kwamba baadhi ya hitisinki zake zinahusika, ikatoa skrubu nyingine bure kwa wateja ili kupunguza mgandamizo. Nampongeza aliyetoa skrubu bure kuliko anayenyamaza. Miaka michache baadaye, LGA 1700 ya mwaka 2021 ilileta prosesa ya mstatili, milimita 45 kwa 37.5, ambayo fremu ya soketi inaibana katikati tu, na kifuniko kinabonyea kidogo. Wakajitokeza wauzaji wa fremu mbadala za kunyoosha. Intel ilieleza mwaka 2022 kwamba kubonyea huko hakuitoi prosesa nje ya viwango vyake. Maoni yangu ni kwamba mtumiaji wa kawaida aiache fremu ya kiwandani ilivyo. Fremu mbadala inahitaji kukazwa kwa kipimo, na ikikazwa kupita kiasi inaleta ugonjwa nitakaoueleza sasa, ambao ndio ninaotamani kila fundi aujue.

Kompyuta imefungwa vizuri, inawaka, lakini ramu moja haionekani. Una gigabaiti 16, inasoma 8. Fundi anabadilisha ramu, hakuna kilichobadilika. Anajaribu tundu jingine, ramu ileile inasoma. Hukumu inatolewa: tundu la bodi limekufa, nunua bodi. Lakini mdhibiti wa kumbukumbu hayuko kwenye bodi tena. AMD ilimhamishia ndani ya prosesa mwaka 2003, Intel ikafuata mwaka 2008 na Core i7 za kwanza. Njia kati ya ramu na mdhibiti huyo inapita kwenye pini za soketi, na hitisinki iliyoinama inanyanyua ukingo mmoja wa prosesa kiasi cha pini chache kutoshika. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu bodi, zima, chomoa, legeza skrubu za hitisinki nusu mzunguko kila moja kwa mshazari, ujaribu tena. Kama ramu imerudi, toa hitisinki na uifunge upya kwa mpangilio. Kama haijarudi, toa prosesa utazame pini za soketi kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, ukimulika kwa pembeni. Pini iliyopinda inaakisi mwanga tofauti na jirani zake. Ni nusu saa ya kazi, na inaweza kumwokolea mteja bei ya bodi nzima.

Kabla ya kuwasha, chomeka waya wa feni kwenye pini za feni ya prosesa, si za feni ya kasha, la sivyo bodi nyingi zitalalamika au zitakataa kuendelea. Zungusha feni kwa kidole uone haigusi waya. Usiwashe hata kidogo bila hitisinki kwa ajili ya kuona kama inawaka. Ni kweli prosesa ya leo itajizima, lakini kinga hiyo ni ya dharura, usiifanye kuwa sehemu ya utaratibu wako wa kazi.

Ikiwaka, ingia kwenye bayosi utazame nyuzijoto za prosesa kwa dakika kadhaa. Kwenye chumba chenye nyuzi 30 na kitu, prosesa iliyotulia kwenye 40 hadi 50 iko sawa. Halafu ipe kazi nzito, utazame zaidi mwendo wa kupanda kuliko namba ya mwisho. Joto linalopanda taratibu na kutulia kwenye 70 au 80 linasema hitisinki imekaa. Joto linaloruka kutoka 45 hadi karibu 100 ndani ya sekunde chache linasema haigusi: nailoni haijatolewa, mguu mmoja haujapenya, au imeinama. Zima, fungua, utazame alama ya pesti. Pesti iliyosambaa sawa inaonyesha mgandamizo ulionyooka. Ikiwa nene upande mmoja na imefutika upande wa pili, unajua ni skrubu zipi zilitangulia.

Kuna jambo moja la safari. Kompyuta nyingi zinazojengwa Dar es Salaam au Nairobi zinapakiwa kwenye basi kwenda Mwanza, Kigoma, Kisumu au Bukavu, na barabara zinajulikana. Hitisinki kubwa ya mnara si nyepesi: Noctua NH-D15 na feni zake mbili ina kilo 1.32, na kasha likisimama inaning'inia kwenye bodi kwa ubavu. Kila tuta linaigeuza kuwa nyundo juu ya prosesa na soketi. Kama hitisinki ni ya aina hiyo, ifungue, iweke kwenye boksi lake, na uifunge upya kompyuta ikifika, ukimtumia mpokeaji pesti na bisibisi ikibidi. Kama haiwezekani, laza kasha ili bodi iwe chini na hitisinki isimame wima, jaza nafasi inayobaki kwa sponji iliyofungwa kwenye mfuko usiozalisha umeme tuli, na uandike juu ya boksi kwa herufi kubwa upande wa kulalia. Mwambie mpokeaji afungue ubavu wa kasha kabla ya kuchomeka umeme, atoe sponji, ashike hitisinki kwa vidole viwili aitikise kidogo. Ikicheza, asiwashe.